Pombe Nusu, Soda Nusu, Siku ya Ntheo

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, mama wa msichana. Msichana mwenyewe, kitinda mimba wangu, ambaye alikuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Nairobi, na huko ndiko alikompata yule mtu. Yule mtu, Mjerumani, fundi wa lifti, mrefu, shingo nyekundu kama kuku aliyekwisha nyonyolewa. Shemeji yangu mkubwa, aliyemtangulia marehemu mume wangu kuzaliwa, mtu wa mila na mtu wa chupa. Shemeji yangu mdogo, aliyemfuata marehemu, mzee wa kanisa. Mwalimu, mume wa binti yangu wa kwanza, aliyewahi kupelekwa Ujerumani kwa kozi ya miezi michache akarudi na koti zito na ile lugha yao, na tangu arudi hajavua hata moja. Na akina mama wa kanisa waliokuja kupika, wakiongozwa na mwenyekiti wao, jirani yangu wa ng'ambo ya korongo. Majirani wengine siwataji, kwa sababu mimi sikuwaalika. Walialikwa na moshi.

Majina yote niko nayo kichwani, la kila mmoja na la baba yake. Siyaandiki. Wengine wameshalala kaburini na hawawezi kujitetea, na walio hai wako na wajukuu shuleni.

Ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa iliyobeba madaraja. Barabara ya kupanda kwetu, upande wa Kathiani, bado ilikuwa na mashimo ya kumeza punda, na Mjerumani aliacha gari la kukodi huko chini akapanda kwa miguu, kamba za mbuzi mkononi, watu wamejipanga kwenye mahindi kumtazama.

Nieleze ntheo kwanza, kwa sababu wasomaji wengine ni wa mbali, na wengine ni wa karibu lakini wamesahau kwa makusudi. Kwetu Ukambani msichana akiolewa kanisani, akiolewa kwa DC, akavaa shela, akapigwa picha, hiyo yote ni mapambo. Kama mbuzi za ntheo hazijaletwa kwao, zikachinjwa, wazee wakala na wakanywa, huyo bado ni msichana wa kwao. Watoto wake ni wa kwao. Akifa, mwili unarudishwa kwao, na yule aliyeishi naye miaka na miaka hana neno la kusema. Msichana wangu alijua hayo. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na tikiti ya ndege ilikuwa ya wiki hiyo hiyo. Aliniambia, "Mwaitu, sitaki kwenda huko kama mtu aliyetoroka." Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba, na msichana wangu alikuwa analitumia tu akiwa na shida. Siku nyingine niliitwa mami.

Na katika ukoo wa mume wangu kuna jambo moja zaidi. Pombe ya ntheo huonjwa na baba wa msichana kabla nyama haijakatwa. Baba akiwa amekufa, wanaosimama mahali pake ni ndugu zake wote walio hai, nao wanakunywa kutoka kibuyu kimoja, huyu akishapiga funda anampa huyu. Mmoja akikataa, kisu kinarudi kwenye ala na wageni wanapewa chai.

Sasa ona mkosi wangu. Ndugu waliobaki walikuwa wawili. Mmoja alisema bila pombe hakuna ntheo. Wa pili alisema pombe ikigusa mdomo wake, au hata akikaa mahali inapomiminwa, atakuwa amemkana Bwana wake mbele ya kundi. Nilikuwa nimewatembelea wote wawili na sukari na majani ya chai. Walikula sukari, wakabaki na maneno yao.

Shemeji mkubwa alifika asubuhi kabla hata sijafagia. Alitaka pombe ya asali, uki wenyewe, lakini chifu alikuwa akiwasaka wapikaji siku hizo, kwa hiyo alikubali chupa za dukani kwa uso wa mtu anayemezeshwa dawa ya minyoo. Kreti zililetwa kwa mkokoteni kutoka sokoni, za bia na za soda, zikapangwa kivulini mwa ghala. Shemeji mkubwa akachukua kiti akakiweka karibu nazo, ati jua linamchoma kila mahali pengine.

Shemeji mdogo alikuja kwa baiskeli yake, ile nyeusi nzito, Biblia imefungwa kwenye keria ya nyuma kwa mpira wa tyubu. Alifika langoni, akaziona kreti, akashuka. Hakuingia. Aliomba kiti. Akapelekewa kiti, akakiweka nje ya lango, barabarani, akakaa mgongo wima na Biblia magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Ingia, mtoto wa mama," shemeji mkubwa akamwita kutoka ghalani.

"Nitashiriki kutoka hapa."

"Hapo ni barabarani."

"Kristo mwenyewe alihubiri barabarani."

"Hakuwa amekalia mavi ya punda. Angalia kiatu."

Shemeji mdogo hakuangalia kiatu. Baadaye kidogo, akidhani tumegeuka, aliangalia.

Hivyo ndivyo tulivyokaa mpaka jua likawa utosini. Mbuzi walikuwa wameshachinjwa, maana kuchinja kunaruhusiwa, kinachongojwa ni kukata na kugawa. Nyama ilikuwa imening'inia nzima, mafuta yanachuruzika, nzi wanaalikana. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepika wali na pilipili hoho na kuku na kila kitu kingine, na sasa walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanaimba pambio kwa sauti ya njaa. Msichana wangu alikuwa ndani. Nilienda kumtazama nikamkuta amekaa kitandani amevaa tayari, mikono juu ya tumbo, anasikiliza kila neno la nje kupitia dirishani.

"Baba mdogo ameingia?" aliniuliza.

"Bado yuko kwa punda," nikamwambia.

Hakucheka. Ndipo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu huyo mtoto alicheka hata kwenye mazishi ya shangazi yake.

Mjerumani alimwuliza mwalimu kuna nini. Mwalimu akamweleza, kwa Kijerumani kirefu, mikono ikiwa inapaa. Mjerumani alisikiliza, akamtazama mzee wa ghalani, akamtazama mzee wa langoni. Nafikiri aliwaza kifundi. Kazi yake ni watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa. Akainuka, akaenda jikoni bila kumwomba mtu ruhusa, akachukua jagi langu la plastiki, akafungua bia akamimina nusu, akafungua soda nyeupe ya limau akajaza juu yake. Povu likapanda likamwagika kwenye viatu vyake.

"Sasa ameharibu zote mbili," akasema mwenyekiti wa akina mama. Wengine wakakubaliana naye, kwa huzuni ya kweli.

"Radler," akasema Mjerumani, akaliinua jagi.

Sisi tulisikia ladila, kwa sababu ulimi wa Mkamba hauna haja kubwa na ile r, na ladila tumeliita mpaka leo.

"Anasema hiki kinywaji kinaitwa mwendesha baiskeli," mwalimu akatafsiri.

"Nani anaendesha?" akauliza shemeji mkubwa.

"Hakuna anayeendesha, mzee. Ni jina."

"Kwa hivyo soda ikiingia kwenye bia, inapanda baiskeli."

Basi Mjerumani akaona ni vizuri aeleze asili ya jina, na mwalimu akaona ni vizuri aonekane anatafsiri. Ati kusini mwa nchi yao, zamani za babu yake, baiskeli zilipokuwa ndiyo fasheni, kulikuwa na mwenye baa kule nje ya mji karibu na msitu. Siku moja ya joto wakamjia watu wa baiskeli, si wawili si watatu, maelfu kwa maelfu, koo zimewakauka. Akachungulia pipani, akaona bia haitatosha. Lakini alikuwa na soda nyingi ya limau ambayo hakuna aliyekuwa anainunua. Akachanganya nusu kwa nusu, akatoka nje akawaambia, kinywaji hiki nimekibuni kwa ajili yenu, ndugu wa baiskeli, ili mkinywa msianguke njiani mkirudi nyumbani. Wakanywa, wakamshukuru.

Alipomaliza tulilitazama jagi. Kisha shemeji mkubwa akasema, "Huku kwetu mama pima, yule anayeuza kwa kikombe, akiongeza maji kwenye pombe, watu wanapindua pipa na yeye mwenyewe ndani. Huko kwao wanamtungia neno."

"Lakini anasema," mwalimu akaongeza, maana Mjerumani alikuwa amemshika mkono, "anasema kuna watu waliochunguza wakakuta neno lenyewe lilikuwa linatumika hata kabla ya siku hiyo. Huenda hadithi ya mwenye baa si kweli yote."

Nikafikiri moyoni, kumbe hata uongo wenyewe ulichanganywa nusu kwa nusu. Na huyu ndiye nampa mtoto. Lakini nilimpenda kidogo hapo, kwa sababu mwongo halisi hangetuambia hiyo sehemu ya pili.

Mngefikiri hapo ndipo tungeendelea. Hapana. Mwalimu alikuwa amepata nafasi ambayo alikuwa ameingojea tangu arudi na lile koti. Alimwambia Mjerumani, mbele ya watu, kwamba amekosea Kijerumani. Ati yeye mwalimu alifundishwa kusema der Radler, na Mjerumani amesema das. Mjerumani akasema kwao nyumbani ni das. Mwalimu akasema kitabuni ni der. Mjerumani akasema wengine ndiyo, husema der, hasa ukimtaja mtu mwenyewe aliye kwenye baiskeli, huyo ni der na hakuna ubishi, lakini kinywaji mtu anaweza kusema hivi au hivi. Mwalimu akasema haiwezekani kitu kimoja kiwe hivi au hivi. Na nyama inaning'inia.

"Mnagombania nini?" akauliza shemeji mkubwa.

Mwalimu akaeleza. Kwa Kijerumani kila kitu duniani ni mume, au ni mke, au si mume si mke. Kijiko ni mume. Uma ni mke. Kisu si mume si mke.

"Kama padri," akasema shemeji mkubwa.

"Na msichana?" nikauliza mimi. Nilikuwa na sababu ya kuuliza.

Mwalimu alijikuna. "Msichana, mama, kwa sarufi yao, msichana yuko upande wa kisu."

Mjerumani alipotafsiriwa akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema mengi, ati ni mwisho wa neno tu unaofanya hivyo, hakuna mtu anayefikiri hivyo kwa kweli. Shemeji mkubwa hakumhurumia. "Ndiyo sababu tunahitaji ntheo," alisema. "Aondoke hapa akijulikana ni mke."

Halafu mwalimu akataka kujua neno hilo tutalitia ngeli gani kwa Kiswahili, ladila huyu au ladila hii. Shemeji mkubwa akaamua pale pale kwamba ni huyu, kwa sababu ameambiwa ni mtu wa baiskeli na hajaona baiskeli ikijiendesha. Na wakiwa wengi? Mjerumani akasema wakiwa wengi neno halibadiliki, mmoja ni Radler, kumi ni Radler. "Hiyo ni lugha ya waume wenye wake wakali," akasema shemeji mkubwa. "Nimekunywa ladila, basi, mke ajaze idadi mwenyewe." Na ukienda kaskazini mwa nchi hiyo, Mjerumani akasema, hawasemi Radler kabisa, kitu hicho hicho wanakiita maji ya mto fulani wa huko. Hapo shemeji mkubwa alikataa kuendelea. Pombe kuitwa maji ya mto, alisema, huko asialikwe.

Yote hayo yalikuwa yanasikika mpaka langoni. Shemeji mdogo alikuwa ameacha kusoma tangu lilipotajwa neno baiskeli.

"Mwalimu," aliita. "Mwulize. Hicho kitu ni pombe?"

Mjerumani akafikiri. "Nusu," akajibu.

"Ni soda?"

"Nusu."

"Na huko kwao mtu akinywa, anapanda baiskeli na polisi hawamwambii kitu?"

Mjerumani akasema mtu anakunywa kikombe mchana, jua kali, anaendelea na safari yake.

Shemeji mdogo aliinamisha kichwa. Kutoka langoni unaweza kunusa nyama yangu vizuri sana, hilo nimelijaribu mwenyewe. Akaitazama baiskeli yake iliyoegemea ua. "Mimi nimetoka mbali," alisema, kama anayejieleza kwa mtu asiyeonekana. "Na nimekuja kwa baiskeli."

Akainuka, akapangusa kiatu kwenye nyasi, akaingia.

Sikupoteza wakati. Nilileta kibuyu, Mjerumani akamimina kutoka jagi, shemeji mkubwa akapiga funda la kwanza, akakunja uso kama mtoto aliyelamba ndimu, akampa ndugu yake. Shemeji mdogo alifumba macho, akaomba, ombi refu kidogo, kisha akanywa. Hakunywa funda. Tuliona koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na kibuyu kiliporudi shemeji mkubwa alikitikisa sikioni. Kisu kikatoka kwenye ala. Nyama ikakatwa. Nilimwona msichana wangu mlangoni, amejificha nusu, na mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu. Lakini shemeji mdogo hakuwa mtu wa kuacha ushindi ulale.

Kwanza, akina mama waliona mzee wao wa kanisa amekunywa, nao wakataka kujua. Mwenyekiti alionja kwa ncha ya ulimi, akasema ni kama ile soda ya tangawizi. Akaonja tena kuhakikisha. Baadaye nilisikia kutoka kwenye mkeka, "Ladila ameisha, mletee mwenzake," na pambio likawa la kasi zaidi, na lile la maombolezo likaimbwa kwa kupiga makofi. Shemeji mdogo alikuwa na kikombe chake mwenyewe sasa, na kila kikijaa anasema ni cha mwisho cha safari. Ndipo akasimama kutoa shukrani.

Alishukuru Mungu, akanishukuru mimi, akashukuru mbuzi. Kisha akaweka mkono kifuani. "Leo," alisema, "nataka kundi lijue kitu. Wazee wa mila wamekuwa wakituambia ntheo haiwezi kufanywa bila pombe. Leo imefanywa. Nimeketi, nimekunywa na ndugu yangu kibuyu kimoja, na hakuna pombe iliyogusa midomo yetu. Ni soda ya watu wa baiskeli. Mila imeokoka."

Akina mama walipiga vigelegele. Mwenyekiti alipiga cha mwisho peke yake.

Shemeji mkubwa alikuwa anatafuna. Akamaliza kutafuna. Akaweka mfupa chini, akapangusa vidole kwenye majani, kidole kwa kidole.

"Hakuna pombe iliyogusa midomo yetu?" aliuliza.

"Hakuna."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

"Basi hakuna ntheo. Tumekula chakula cha mchana. Mwenye mbuzi ashukuriwe. Atakapoleta pombe tutakaa, baada ya mavuno." Akachukua fimbo yake.

Hata nzi nadhani walisikiliza. Mwalimu hakutafsiri, lakini Mjerumani alimtazama usoni akaelewa, akakaa chini kwenye kreti. Baada ya mavuno mtoto angekuwa ameshazaliwa huko mbali, mtoto wa mtu aliyetoroka.

Mimi ni mwanamke, na mjane. Kwenye jambo la kibuyu sina mdomo. Nilisimama na mwiko wangu. Ningeweza kumpiga mmoja wao nao, na mpaka leo sijui ningeanza na yupi.

Msichana wangu alitoka ndani. Alipita katikati ya watu, tumbo mbele, akaenda mpaka kwa shemeji mdogo, akapiga magoti. Si kwa mzee wa fimbo. Kwa huyu.

"Baba mdogo," akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ulikunywa nini?"

Ilikuwa ni hivyo tu. Hakumwomba kitu. Na kila mtu pale, mpaka wale walioalikwa na moshi, alijua swali hilo lina majibu mawili na yote mawili yana bei. Akisema soda, anabaki mzee wa kanisa na msichana anaenda bila ntheo. Akisema pombe, msichana ameolewa, na yeye amekunywa pombe mchana, kwenye hadhara, vikombe ambavyo akina mama wenyewe walimjazia, halafu akasimama akadanganya kundi.

Nilimtazama. Nimemcheka sana huyo mtu humu, na nitamcheka tena. Alikuwa anapenda kuitwa mzee wa kanisa kuliko alivyopenda kula. Alitembea nalo hilo jina kama wengine wanavyotembea na saa. Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo. Alitazama upande wa mkeka, akamwona mwenyekiti anamtikisia kichwa polepole, usiseme. Akamtazama tena mtoto aliyepiga magoti.

"Nimekunywa pombe," alisema.

"Sema wasikie wa jikoni," akasema shemeji mkubwa, lakini sauti yake ilikuwa imelainika.

"Nimekunywa pombe. Kibuyu kilikuwa na pombe, na vikombe vyote vilivyofuata. Na nilijua tangu kile cha kwanza."

Shemeji mkubwa aliweka fimbo chini. Akasema ntheo imekaa. Akamwinua msichana kwa mkono, akaketi, akaomba apewe ile sehemu ya ubavu aliyokuwa ameiacha.

Kwenye mkeka, bila haraka, vikombe vilikuwa vinaingia chini ya leso.

Jumapili iliyofuata msichana wangu alikuwa ameshapanda ndege. Shemeji mdogo alisimamishwa mbele. Aliyetoa habari ni mwenyekiti wa akina mama, kwa uchungu mwingi, ati anaumia kumsema mzee lakini ukweli ni ukweli. Alivuliwa uzee, akatengwa na meza ya Bwana, akahamishiwa benchi la nyuma kule wanakokaa wanaochelewa na wenye watoto wanaolia. Mimi niliitwa kwenye kamati kama shahidi, kwa sababu ilikuwa boma langu. Wakaniuliza kama alikunywa. Nikasema alikunywa. Nikamgeukia mwenyekiti.

"Na wewe, jirani, ulikunywa nini?"

"Mimi nilikunywa soda."

"Soda gani?"

"Ile ya jagi."

Karani wa kamati alikohoa. Wakaniambia nimemaliza, naweza kwenda, Mungu anibariki. Hakuna aliyeulizwa tena kuhusu jagi. Mwenyekiti aliendelea na uenyekiti mpaka miguu ilipomkataza, na akapewa kitambaa cha heshima, na mimi ndiye niliyeambiwa nikishone.

Shemeji mdogo alikaa benchi la nyuma muda mrefu kuliko ilivyoamriwa. Walipomwita arudi mbele alisema huko nyuma anasikia vizuri. Msichana wangu akija, na huja na watoto wake wenye shingo nyekundu, anaanzia kwake kabla hajafika kwangu. Nimelalamika. Ananiambia, "Mami, wewe ulinizaa tu."

Hivyo ndivyo nilivyoona na kusikia. Kama nimekosea, nirekebishwe. Mjerumani anasema jagi halikumwagika viatuni, na yeye hapendi kubishiwa mambo ya jagi. Wengine wanasema shemeji mdogo hakusema "nilijua", alisema "nilihisi". Hilo ndilo nisingependa kulikosea, kwa sababu kwa neno hilo mtoto wangu ana kwake. Nilikuwa nimesimama upande wa jiko na mafuta yalikuwa yanachemka kwa kelele. Aliyekuwa karibu kuliko mimi aje anisahihishe, nyumba ni ile ile. Ila aje tayari, maana kabla sijamsikiliza nitamwuliza na yeye alikunywa nini.